Tarehe Mbili kwenye Hataza ya Philomena

Philomena Dyson hakupenda kusifiwa, na parokia nzima ilijua. Ukimwambia kofia yake nzuri, atakwambia ya zamani hiyo. Ukimwambia paja lake la nguruwe la Pasaka, lile tunalolichanja na kulijaza kabichi, sukumawiki na pilipili, limewashinda wanawake wote wa kaunti, atakwambia mwaka huu kabichi ilikuwa chungu. Basi ilipomfikia barua ya maabara ya jeshi la majini, kiangazi cha mwaka 2000, ikisema serikali imetoa hataza kwa jina lake, yaani hati ya kumtambua kuwa ni mvumbuzi, na kwamba kutakuwa na sherehe na keki na familia yake inakaribishwa, aliikunja akaitia kwenye droo ya vijiko. Ingekaa humo mpaka leo. Ila binti yake Colette alikuja kutafuta kisu cha mkate, akaikuta.

"Mama! Hii nini?"

"Karatasi za kazini tu."

"Karatasi tu? We mama wewe! Umevumbua kitu, halafu unakificha na vijiko?"

"Nilishastaafu, Colette. Waache na mambo yao."

"Waache? Thubutu!"

Colette alikuwa na miaka thelathini na tatu, muuguzi, hodari wa kucheka na hodari zaidi wa kulazimisha mambo. Palepale akashika simu, akawaambia watu wa maabara kwamba familia inakuja, tena inakuja na viatu vipya. Philomena alisimama kwenye sinki mikono imelowa, asijue aikaushe au aiache. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa akiiogopa siku hiyo, na sasa ilikuwa imeshaagiziwa keki.

Huko kwenye kambi ya jeshi la majini alianza na ufagio. Mwaka 1961 mwanamke mweusi wa kaunti yetu akiingia geti lile, aliingia na ufagio au na sufuria, hakuna la tatu. Philomena akapangiwa kufagia karakana ya lenzi. Miaka sita alifagia, na macho yake hayakuwa sakafuni. Siku msugua lenzi mmoja alipougua na kazi imebana, alimwendea mhandisi mkuu, Bwana Kessler, akamwambia, "Naweza." Kessler alicheka. Akampa lenzi moja mbovu ajichezee. Jioni alipoipima hakucheka tena, na ufagio akapewa mtu mwingine.

Zile hazikuwa lenzi za miwani. Zilikuwa za madini ya kijivu yanayong'aa kama kifuniko cha sufuria, na ukiiweka jichoni huoni kitu, giza tupu. Mwanga hauipenyi. Joto ndilo linaloipenya. Philomena alirudi nyumbani kila siku na vumbi la kijivu kwenye kucha, na mumewe Wendell, mvuna chaza, mtu mrefu mwenye mikono mipana na maneno mengi, hakuchoka kumtania.

"Mena, hivi hao wanamaji wanakulipa uwasugulie masufuria?"

"Ndiyo. Masufuria."

"Na hayatakati? Mwaka wa ngapi huu?"

"Wanakula sana."

Zaidi ya hapo hakusema, kwa sababu alikuwa amekula kiapo, na kwa Philomena kiapo kilikuwa kiapo. Cha getini kinabaki getini. Wendell aliliheshimu hilo. Alijigamba nalo hata, kule gatini kwa wavunaji wenzake: mke wangu anajua mambo ambayo mimi siruhusiwi kuyaota.

Sasa, karakana ile ilikuwa na tatizo lililowashinda wenye digrii zao. Walitaka kifaa cha kumtafuta baharia aliyetumbukia majini gizani, kwa joto la kichwa chake tu. Lenzi walikuwa nayo. Shida ilikuwa mawimbi: maji nayo yana joto lake, na kifaa kilipiga kelele kwa kila wimbi, mtu akapotea katika kelele. Philomena alisikiliza ubishi wao mwaka mzima, akisugua, hakuulizwa neno.

Akalipata jibu siku ya Jumapili, akiwa kwenye gari la shemeji yake, wakipita kandokando ya ua mrefu wa mbao uliozunguka shamba la tumbaku. Ng'ambo ya ua shamba lilionekana vilevile, halitikisiki. Lakini ndani ya shamba alikuwepo mtu mmoja amekatisha njia kwenda nyumbani, na kila ubao wa ua ulipopita mbele yake, alizimika na kuwaka, alizimika na kuwaka. Kitu kipana ua haukukigusa. Kitu kidogo ndicho kilichomemeteka. Na yule mtu aliwaona, akavua kofia akawapungia kwa mbwembwe kama mtoto. Alikuwa Wendell.

Jumatatu Philomena alikata sahani ya bati, akaitoboa matundu kama mapengo kati ya mbao za ule ua, akaifanya izunguke mbele ya lenzi. Mawimbi yakanyamaza. Wakamtumbukiza kijana wa jeshi mtoni usiku, na sikioni kifaa kikalia kwa ajili yake peke yake. Kessler alimkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule. Tarehe 11 Machi 1975 ombi la hataza likapelekwa serikalini na majina mawili, la Kessler na la Philomena Dyson. Kabla mwezi haujaisha ikateremka amri ya siri. Hataza haitatolewa, wala kitu chenyewe hakitatajwa kwa mtu yeyote, mpaka jeshi liseme. Atakayetaja, jela. Kila mwaka amri hiyo ilikuwa ikifanywa upya, kimyakimya.

Kifaa kimoja kilichokamilika kikafungiwa kwenye kabati la chuma karakanani. Ufunguo akapewa Philomena. Kila Jumatatu alikitoa akakichaji, akakipangusa, akakirudisha. Ilimuuma kidogo kwamba hawezi kumwambia mumewe, "Lile jambo kubwa nililolifanya, nimeliona kwako wewe na kofia yako." Akajipa moyo kuwa siku moja watazeeka, siri itafunguliwa, na atamwambia barazani. Alishaanza hata kuyapanga maneno.

Wiki ya pili ya Desemba 1976, Wendell alitoka peke yake, maana mwenzake alikuwa na homa. Mchana upepo ukageuka. Mashua zilirudi moja moja, wanaume wakishuka na barafu kwenye ndevu, na kila iliporudi moja Philomena alihesabu vichwa. Giza lilipoingia ya Wendell haikuwepo. Wakawasha taa za magari kuelekea mtoni, wenye mashua imara wakarudi kutafuta, na kanisani wakapiga kengele ili kama yu hai asikie na kujua nchi kavu iko upande gani.

Mama yake Wendell, Bi Agnes, alikuwa jikoni kwa Philomena, rozari imemkaza vidole. Colette, miaka tisa, alikuwa amejikunyata chini ya meza akikataa kulala.

"Mwanangu," Bi Agnes akasema. "Huko kwenu kambini. Wana makombora, wana mashine za kila namna. Hakuna chombo chochote cha kumtafuta mtu? Chochote?"

Philomena aliuhisi ufunguo bila kuutazama. Ulikuwa shingoni mwake, umefungwa kwenye uzi mmoja na medali ya Mama Bikira.

"Hakuna, mama," akasema.

Nisikilizeni kabla hamjamhukumu. Wiki mbili nyuma, mchora ramani mmoja wa karakana ile alibeba mchoro nyumbani kwenye mfuko wa chakula, amalizie kazi tu, hakuwa na nia mbaya. Walimtoa kwa pingu mbele ya wote, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Philomena aliyaona hayo kwa macho yake. Na alikuwa mwanamke mweusi pekee kwenye meza ya lenzi, aliyejua fika ni watu wangapi walikuwa wanangoja kusema, "Si tuliwaambia?" Na wavunaji wa kwetu walimhakikishia, Wendell anaujua mto ule kama mfuko wake, atakuwa amejibanza mahali. Hayo yote yalikuwa kweli. Mimi nayasema kwa sababu yeye mwenyewe hakuyasema kamwe.

Hata hivyo alikwenda. Alisema anapeleka kahawa gatini, akaendesha gari mpaka kambini. Hakumpigia Kessler, maana alijua Kessler angesema hapana, na hapana ikishasemwa imesemwa. Aliwaza kuingia, kukichukua, kukirudisha kabla ya asubuhi. Askari wa getini alimjua miaka mingi.

"Bi Dyson! Saa hizi? Umesahau kitu?"

Nini kilimshika? Angesema nimesahau mkoba, na yule kijana angefungua geti bila swali. Alitazama taa za karakana nyuma ya kijana yule, akawaza pingu, akamwaza Colette chini ya meza akilelewa na bibi.

"Hapana," akasema. "Nimekosea njia."

Alikuwa amepita njia hiyo kila siku kwa miaka kumi na mitano. Akageuza gari.

Walimpata Wendell saa nne asubuhi. Mashua ilikuwa imepinduka, naye akaogelea mpaka kwenye kibanda cha wawinda bata, vile vinavyosimama kwa nguzo katikati ya maji, akapanda. Alikuwa ameketi, mgongo umeegemea ubao, ameng'oa mbao mbili na kuzipiga moja kwa nyingine mpaka viganja vikachanika. Kwa upepo ule na injini zile, nani asikie. Mashua za watafutaji zilipita karibu naye mara mbili. Daktari alisema alikata roho kwenye mapambazuko. Philomena akauliza, "Mapambazuko? Una hakika?" Akauliza tena na tena, watu wakadhani ni majonzi yamemchanganya.

Jumatatu baada ya mazishi alirudi kazini, akafungua kabati, akakichaji kifaa. Alifanya hivyo miaka ishirini zaidi. Bi Agnes alifariki akiwa bado anamwita Philomena "mwanangu".

Sherehe ya hataza ilikuwa Septemba ya mwaka ule wa 2000. Ukumbi wa kambi, bendera, keki yenye jina la Dyson, afisa kijana aliyezaliwa baada ya kifaa chenyewe akisoma hotuba kuhusu subira. Kessler alikuwa ameshakufa. Philomena akakabidhiwa ubao wa heshima ndani ya sanduku, kama wapewavyo wavumbuzi wote pale: ukurasa wa kwanza wa hataza umechapwa kwenye bamba la shaba na kugongomewa kwenye mbao nzuri. Hakufungua. Afisa alimshika mkono akamwambia, "Sasa uko huru kusema, Bi Dyson. Waeleze wajukuu!" Akamshukuru.

Nyumbani tulikula nyama, tukaimba kidogo, watu wakaondoka kabla jua halijazama. Colette akabaki na nyundo na ule ubao. Alikuwa amepanda kiti sebuleni, ameshapiga msumari kando ya picha ya baba yake.

"Weka jikoni," Philomena akasema. "Hapo pana mwanga sana."

"Jikoni? Mvumbuzi awekwe na vitunguu? Mama, acha uchuro." Akatundika, akarudi nyuma, akasoma kwa sauti ya mtangazaji, mkono kiunoni. "Imetolewa tarehe sita Juni, elfu mbili. Imewasilishwa tarehe kumi na moja Machi, elfu moja mia tisa sabini na tano. Ai! Miaka ishirini na mitano kugonga muhuri! Serikali hii ina konokono ofisini." Alikuwa anacheka. "Wavumbuzi, Harold Kessler na Philomena Dyson. Kifaa cha kumtambua mtu aliye majini wakati wa giza, kwa joto la mwili wake."

Akasoma mstari ule tena, polepole, bila sauti ya mtangazaji.

"Sabini na tano," akasema. "Baba alikufa sabini na sita."

Philomena akaketi.

"Hii ni ya karatasi tu, siyo? Kilikuwa wazo tu. Hakikuwa kimetengenezwa."

"Kilikuwepo."

"Kilikuwepo wapi?"

"Kabatini."

"Nilikuwa chini ya meza, Mama. Bibi alikuuliza. Nilikusikia ukimjibu." Sauti ya Colette ilikuwa imeshuka mpaka kama ya mtoto. "Nilikwenda kulala kwa sababu ulisema hakuna. Nikasema basi, Mama anajua. Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Na hukwenda."

"Nilikwenda. Nilifika getini."

"Ukafanyaje?"

"Nikageuza gari."

Colette alishuka kwenye kiti kwa uangalifu, akaweka nyundo juu ya kitambaa cha meza. "Toka getini mpaka kabatini ni mbali?"

"Hatua mia mbili na kumi."

Hakuulizwa amejuaje. Alikuwa amezihesabu kila asubuhi mpaka siku ya kustaafu. Colette alichukua koti lake, akatoka, na mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hilo lilimuuma Philomena kuliko kelele yoyote.

Jumapili iliyofuata tulimwona Philomena barazani kwake, kofia kichwani, mkoba mapajani, akimngoja binti yake ampeleke misa kama ilivyo desturi yao. Misa ilianza, misa ikaisha. Jumapili ya pili, vilevile. Tukasema wamekorofishana kidogo, mama na binti, watapatana. Hatukujua kitu. Ukimpita ukamwambia kofia nzuri, alikwambia ahsante, na hapo ndipo tulipopaswa kushtuka.

Jumapili ya sita gari la Colette likasimama nje. Hakuwa amevaa nguo za kanisani. Alikuja mpaka ngazi ya baraza, hakupanda. Mkononi alikuwa na karatasi zimekunjwa, hataza yote, kurasa kumi na moja, aliyoiomba kwa posta.

"Nimesoma mpaka ukurasa wa tatu," akasema. "Ukurasa wa nne unaanza kueleza kifaa kinafika umbali gani. Sikuendelea. Nimekaa nazo wiki nzima kwenye gari, nashindwa."

"Colette."

"Ngoja. Nimekwenda gatini, nimepima. Toka pale mlipokuwa mmesimama na taa mpaka kile kibanda cha bata ni nusu maili, pungufu kidogo. Kwa hiyo swali langu ni moja." Akaziinua zile karatasi. "Kama kifaa hakifiki nusu maili, basi hata ungekileta ingekuwa bure. Angekufa tu. Si ndiyo? Ningeweza kuishi na hilo. Niambie kisingefika, Mama. Nitachana hizi karatasi hapahapa, sitasoma, nitakuamini. Tutakwenda misa. Sema tu kisingefika."

Philomena alimtazama mwanawe. Miaka ishirini na minne alikuwa ametamani mtu amfungulie mlango kama huo, na huyu hapa ameufungua mwenyewe, ameushika usirudi, anamsihi apite. Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Alishawahi kulisema jikoni, kwa mwanamke aliyekufa akiliamini. Na mtoto chini ya meza aliliamini akaenda kulala.

Akavua kofia, akaiweka kando.

"Kingefika, mwanangu," akasema. "Kilifika maili nzima. Ningemsikia."

Colette alitoa sauti ambayo majirani waliisikia. Akaketi pale pale kwenye ngazi, chini kabisa, mgongo kwa mama yake, karatasi zikamtoka mkononi zikatawanyika kwenye majani. Philomena alishuka ngazi moja, ya pili, akanyoosha mkono mpaka karibu na bega. Bega likasogea. Akaurudisha mkono, akaketi ngazi ya nyuma yake.

"Lile wazo nililipata kwa baba yako," akasema baadaye, akiuambia mgongo ule. "Nilimwona nyuma ya ua wa shamba, anapunga kofia. Nilitaka nimwambie tukizeeka."

Colette hakuondoka. Walikaa hivyo, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka tulipokuwa tunarudi kutoka kanisani, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuwasalimu.